Mama ameacha miwani: je, macho yamepona?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu yuko Ujiji, ana miaka 71. Zaidi ya miaka ishirini hakuweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Sasa anatunga mwenyewe, miwani kaifungia kabatini. Majirani wanasema ni baraka. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Mmuulizeni jambo moja: mtu akija kwa mbali barabarani, anamtambua mapema kama zamani? Nina wasiwasi atasema hapana. Katikati ya lenzi ya jicho kukikakamaa kwa umri, lenzi huzidi kuupinda mwanga. Vya karibu vinaonekana vizuri, vya mbali vinafifia. Mara nyingi huo ni mwanzo wa mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi, na nafuu yenyewe haidumu.

Swali: Kwani lenzi inazeekaje?

Jibu: Iko nyuma ya mboni, umbo lake kama punje ya dengu, upana milimita 9 hadi 10. Hutengeneza nyuzi mpya maisha yote na za zamani hazitoki, zinabanwa katikati. Kwa hiyo inanenepa na kuwa ngumu, haijikunji tena kirahisi kutazama karibu. Ndiyo maana mama alihitaji miwani kwanza, kabla katikati ya lenzi hakujaanza kuupinda mwanga kupita kiasi.

Ugumu huo tunaupima kwa rula. Mtu anayeona mbali vizuri anasogezewa maandishi madogo hadi yaanze kufifia, kisha unagawa 100 kwa sentimita ulizopata. Yakififia kwenye sentimita 10, nguvu ya jicho kutazama karibu ni dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi kuupinda mwanga). Kwenye sentimita 25, ni 4. Kwa kukadiria, chukua 18.5 utoe umri uliozidishwa kwa 0.3. Wa miaka 20 anapata 12.5, wa miaka 45 anapata 5. Kusoma kwa sentimita 40 kunataka 2.5, na jicho huchoka likitumia zaidi ya nusu ya akiba yake. Ndiyo maana mafundi cherehani wa Mwanga wakifika umri huo huanza kuinyoosha mikono.

Swali: Na mtoto wa jicho, ana namba?

Jibu: Anazo. Tunaanza na ubao wa herufi, jicho mojamoja. Ukiandikiwa 6/60, maana yake unachosoma kwa mita 6 mwenye macho mazima angekisoma akiwa mita 60. Halafu matone ya kupanua mboni (siku hiyo usiendeshe pikipiki), na darubini yenye mwanga mwembamba unaoipasua lenzi kama kisu kwenye embe. Unaona kiini, nyama na ganda la nyuma. Tunalinganisha na picha za kipimo. Katika LOCS III, mfumo wa mwaka 1993 wa kupanga ukubwa wa mtoto wa jicho, kiini hupewa alama kuanzia 0.1 hadi 6.9 kwa ukungu na rangi yake.

Lakini alama haiamui upasuaji peke yake. Mvuvi wa dagaa anayefanya kazi usiku katikati ya taa kali anaweza kushindwa kazi kwa alama ambayo mzee wa barazani haimsumbui hata kidogo. Mimi huuliza kwanza: unashindwa kufanya nini?

Swali: Hakuna dawa ya matone? Tumeambiwa asali.

Jibu: Hakuna. Asali ya Tabora iishie kwenye chai.

Swali: Basi tusubiri iive?

Jibu: Hayo ni ya zamani. Ikiiva kupita kiasi kiini huwa kigumu, upasuaji unakuwa mzito, na presha ya jicho inaweza kupanda. Kabla ya upasuaji hupimwa pia urefu wa jicho, kwa kawaida milimita 23 hadi 24, ili kuchagua lenzi bandia. Kukosea milimita 1 tu kunaweza kumwachia mgonjwa hitilafu ya karibu dayopta 3.

Mpelekeni kliniki ya macho, na ile miwani ya kabatini mwende nayo. Wakilinganisha namba yake na kipimo cha sasa, wataona nguvu ya lenzi ya jicho imebadilika kiasi gani.