Arosto ya pombe ni nini, na kwa nini nyumbani wanaiita malaria

Kwaresima ikiingia watu kibao huku Uganda wanaweka chupa chini, Jumatano ya Majivu mtu anapakwa jivu, Alhamisi jioni yuko kitandani na blanketi mbili, jasho linamtoka, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hashiki, na nyumbani wanasema malaria imempata. Si lazima iwe Kwaresima. Kuna aliyeokoka Jumapili kwenye krusedi, kuna aliyeshikwa akalala selo, kuna kijana wa boda aliyevunjika mguu akalazwa wodini na hakuna mtu aliyemuuliza kama huwa anakunywa. Hao wote wanaweza kupatwa na kitu kimoja, na hicho ndicho kinaitwa arosto.

Arosto ni ile hali mwili unaingia kitu ulichouzoesha kila siku kinapokatika ghafla. Wengi wanaijua kwa watu wa unga, wanadhani pombe haina arosto. Pombe inayo, tena kali, ya unga inamtesa mtu sana lakini kwa kawaida haimuui, ya pombe inaweza kuua yenyewe kama yenyewe. Alafu usiichanganye na hangova. Hangova inampata hata mtu aliyekunywa mara yake ya kwanza kwenye harusi, anaamka kichwa kinagonga, ikifika jioni au kesho yake yuko sawa. Arosto inampata aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu, na yeye jioni hapati nafuu, jioni ndio mambo yanaanza.

Kwa nini inakuja? Ubongo una kemikali inayoupoza, inaitwa GABA, na ingine inayouamsha, inaitwa glutamati. Pombe inaipa nguvu ile ya kupoza na kuizima ile ya kuamsha, ndio maana ukinywa unalegea, wasiwasi unaisha, usingizi unakuja. Sasa ukifanya hivo kila siku ubongo nao haukai tu, unapunguza kupoza kwake na kuongeza kuamsha ili uweze kufanya kazi hata ukiwa na pombe ndani. Fikiria boda amebeba magunia mawili ya matooke anapanda mlima, kashika mafuta mpaka mwisho, alafu mtu anakata kamba magunia yanaanguka yote mara moja na mkono wake bado umeshika mafuta vilevile. Ndio hivo, pombe imetoka lakini ubongo bado unasukuma. Hiyo nguvu yote isiyo na kitu cha kuizuia ndio inatoka kama kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, presha kupanda, kutapika, kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa kidogo tu. Hakuna sehemu iliyovunjika hapo, na hata roho yako dhaifu haihusiki.

Kuna watu watakwambia malwa, ile pombe ya ulezi, ni chakula, tonto ya ndizi ni ya mababu, hizo hazina arosto, eti ni waragi tu, ile pombe kali. Mwili hauangalii jina, unaangalia kiasi cha pombe na siku ngapi mfululizo. Mzee anayekaa na mrija wake kwenye chungu cha malwa kuanzia saa nane mchana mpaka usiku, kila siku, akikatizwa anaweza kutetemeka sawasawa na yule wa waragi.

Masaa yake yanajulikana na ukiyajua unapunguza hofu. Saa 6 mpaka 12 hivi baada ya glasi ya mwisho ndio mikono inaanza, tumbo linavuruga, wasiwasi. Mtu aliyezoea huyu anaamka asubuhi anatetemeka, anakunywa kidogo, anatulia, anaita kuzimua au kutoa loki, na anadhani anatibu hangova kumbe anazima arosto ambayo imeshaanza usingizini. Siku ya pili na ya tatu ndio kilele, alafu kwa wengi inaanza kushuka na kufika siku ya tano mpaka ya saba sehemu kubwa imepita. Kifafa, kwa wale kinaowapata, mara nyingi kinakuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Na kuna ile mbaya kabisa, madaktari wanaiita deliriamu tremensi, inayokuja kati ya siku ya pili na ya nne, mtu anachanganyikiwa hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani au watu ambao hawapo, anapigana, joto linapanda, moyo unakimbia. Haiwapati wengi, lakini anayeipata akiachwa nyumbani anaweza kufa, hospitali wakimshughulikia mapema vifo vinashuka chini ya watu 5 kwa 100.

Sasa rudi kwenye hiyo malaria. Baridi, jasho, kichwa, kutapika, mwili kuuma, ukimwambia mtu yeyote kutoka Busia mpaka Arua hizo dalili atakwambia malaria kabla hujamaliza kuongea, na simlaumu, kwa nchi yenye malaria kama yetu hata mimi ningesema hivo. Ndugu wanaenda kliniki ya karibu wananunua Coartem, mtu anameza siku tatu, na kwa bahati siku ya nne arosto inaanza kushuka yenyewe kwa hivo kila mtu anasema dawa imefanya kazi. Au wanapima kidole na kipimo kinasema iko, na hapa ndio penye mtego zaidi, kwa sababu watu wazima wengi kwenye maeneo yenye malaria nyingi wanatembea na vimelea bila kuumwa, na vile vipimo vya haraka vinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hivo kupima ni lazima, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa mpigo, lakini kipimo kikisema malaria iko bado hakijasema arosto haiko. Ukifika kwa daktari usiseme tu "nasikia baridi." Sema ulikuwa unakunywa nini, kiasi gani, kwa muda gani, na glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi ya siku gani. Najua ni aibu, hasa kama nesi ni wa kanisani kwenu, lakini hiyo sentensi moja inabadilisha matibabu yote.

Ile ya kuona wadudu na kuongea na watu wasiokuwepo nayo ina jina lingine mtaani, wanasema amerogwa au mashetani yamemshika. Anafungwa kamba, anapelekwa kwenye maombi ya usiku kucha, siku ya tatu hajala hajanywa maji. Mchungaji aombe, sina shida na hilo, lakini amuombee akiwa kwenye kitanda cha hospitali.

Nani hatakiwi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani? Yule anayekunywa sana kila siku na akiamka tu anatetemeka mpaka azimue. Aliyewahi kupata kifafa au kuchanganyikiwa alipoacha mara ya kwanza, huyo asijaribu kabisa, kwa sababu arosto ina tabia ya kuongezeka ukali kila unaporudia kuacha na kuanza tena. Mama mjamzito. Mzee. Mtu mwenye kisukari, presha, ugonjwa wa ini, au aliyeumia kichwa juzi. Hao waende kituo chenye daktari au klinikal ofisa kwanza. Hospitali ya Butabika pale Kampala inajulikana kwa mambo haya, lakini si lazima usafiri mpaka huko, hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Gulu na Arua zina sehemu ya afya ya akili. Wanachofanya mara nyingi ni kumpa dawa ya kundi la diazepamu, inafanya kazi kule kule pombe ilikokuwa inafanya, alafu wanaipunguza siku kwa siku ubongo ukirudi taratibu.

Na kwa sababu nimeitaja, usiende kuinunua mwenyewe duka la dawa. Diazepamu ukichanganya na pombe pumzi inaweza kusimama usingizini, na ukiizoea wiki kadhaa unaweza kupata arosto ya pili juu ya ya kwanza.

Kuna wanaopunguza pole pole badala ya kukata, leo glasi sita kesho tano, na kwa mtu mzoefu hiyo ni salama kuliko kukata mara moja, bora mhudumu wa afya awe anajua. Shida yake ni hesabu. Kichupa cha waragi cha mililita 200 chenye asilimia 40 kina pombe karibu sawa na bia tatu za nusu lita za asilimia 5, watu wengi hawajui, wanasema "mimi nakunywa kichupa kimoja tu." Angalau cha kiwandani kimeandikwa. Tangu 2019 vile vifuko vidogo vya waragi vimepigwa marufuku kwa hivo wengi wamehamia vichupa, na wengine wamehamia waragi za kienyeji kama kasese na lira-lira, na hiyo ya kienyeji hakuna anayejua nguvu yake, ya leo si ya jana, kwa hivo unaweza kufikiri umepunguza kumbe umeongeza. Ukitaka kupunguza kwa hesabu hamia bia, bia angalau inahesabika.

Haya, sasa kwa yule ambaye arosto yake ni ya wastani na ameambiwa anaweza kuvumilia nyumbani. Kwanza usikae peke yako hizo siku nne za mwanzo, mtu awepo, hata mtoto wa dada aliye mkubwa anayeweza kukimbia kuita boda. Maji, lakini usijaze maji matupu lita kwa lita, unatapika na kutoka jasho kwa hivo chumvi imetoka pia, changanya paketi moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na unywe kidogo kidogo, ukitapika subiri dakika kumi unarudia. Chakula kizito kitarudi juu, anza na uji, supu, ndizi mbivu, viazi, kidogo kila masaa machache, maana sukari ya damu inashuka kwa watu wa pombe na ikishuka kutetemeka kunazidi na unadhani ni arosto peke yake. Kahawa na soda za kukesha acha kabisa, moyo tayari unakimbia.

Kichwa kikiuma panadol inatosha ila usipite vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima, ini la mtu wa pombe limechoka. Diclofenac na ibuprofen, ambazo huku watu wanameza kama njugu, zikae mbali, tumbo lililochubuliwa na pombe linaweza kutoka damu. Jasho la usiku ni la kawaida, weka shuka la pili karibu. Mikono ikitetemeka tumia kikombe chenye kifuniko au mrija, usinyoe, usishike panga wala pikipiki. Oga maji ya uvuguvugu. Kazi ya shamba acha.

Toka nyumbani uende hospitali saa hiyo hiyo mtu akianguka kifafa, akichanganyikiwa, akiona vitu, akitapika damu au kila kitu, akiwa na homa kali, kifua kikiuma. Akianguka kifafa mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, usimwekee kijiko mdomoni, watu bado wanafanya hiyo na wanavunja meno ya ndugu zao.

Kitu kimoja kinachosahaulika ni vitamini B1, thiamini. Pombe inazuia mwili kuipata na mtu wa pombe hali vizuri, kwa hivo wengi wanaingia kwenye arosto wakiwa hawana kitu. Ikiisha kabisa mtu anayumba bila kulewa, macho yanacheza cheza, kumbukumbu inapotea na inaweza isirudi tena. Kwenye kliniki zetu ukifika umechoka kitu cha kwanza ni dripu ya sukari, sasa waulize kwa heshima kama wanampa thiamini kabla yake au pamoja nayo, kwa sababu sukari nyingi ikiingia kwa mtu asiye na B1 inaweza kuimaliza ile kidogo iliyobaki. Dawa yenyewe si ghali. Miguu kuwaka moto na ganzi usiku nayo ni mishipa ya fahamu iliyokosa hizo vitamini, hiyo si arosto, itachukua miezi.

Baada ya wiki ya kwanza mwili umetulia lakini usingizi bado. Huu ndio unaorudisha wengi baa. Pombe ilikuwa inakulaza lakini inakukatia ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, sasa unaacha na ndoto zote zinarudi kwa fujo, unaota umelewa, unaamka saa tisa usiku umelowa. Inachukua wiki kadhaa, kwa wengine zaidi. Amka saa ile ile kila asubuhi hata kama hukulala, usilale mchana, simu weka mbali. Hamu ya vitu vitamu itakuja kwa nguvu, utashangaa unakula mandazi manne na soda, na hiyo wiki za mwanzo ikubali tu, utashughulika na tumbo baadaye. Tumbo la kuhara linatulia ndani ya wiki mbili tatu, presha kwa wengi inashuka mwezi wa kwanza, kwa hivo kama ulianzishiwa dawa ya presha wakati wa arosto rudi wakupime tena kabla hujaambiwa unaimeza maisha.