ODK, REDCap na DHIS2: data ya afya huharibikia wapi njiani?

Utafiti wa afya siku hizi haukai kwenye programu moja. Mahojiano ya kaya hujazwa ODK kwenye kishikwambi, majibu ya maabara huingizwa REDCap, takwimu za vituo ziko DHIS2. Zote tatu zina API (njia ya programu moja kuzungumza na nyingine) na zote hutoa faili za CSV (majedwali ya maandishi matupu), kwa hiyo kuhamisha data si kazi kubwa. Makosa hujificha ndani ya safu (kolamu) zenyewe, na mengi hayatoi onyo lolote.

Anza na namba ya mshiriki, ndiyo inayounganisha rekodi zake za programu zote. Ipange kabla ya kukusanya data na ianze na herufi, mfano K0417. Ukiandika 0417 peke yake, Excel itafungua faili na kuifanya 417, nayo haitakutana tena na 0417 ya maabara. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa sifuri mwishoni. Usiunganishe kwa majina: Juma Hamisi wa kliniki huenda ndiye Hamisi Juma wa maabara, au huenda ni watu wawili.

Swali lenye majibu mengi nalo lina mtego. ODK huyaweka yote kwenye safu moja, "homa kikohozi", yakitenganishwa kwa nafasi. REDCap hutengeneza safu kwa kila jibu, dalili___1, dalili___2, zenye 0 au 1. Yageuze ya ODK yafanane na ya REDCap, ila kumbuka kwamba kwa kawaida 0 ya REDCap haitofautishi asiye na dalili na ambaye hakuulizwa. Weka chaguo la "hakuna" kwenye fomu.

Muda husumbua kuliko yote. Seva nyingi hutunza saa za UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mtoto aliyezaliwa Machi 1, 2025 saa nane usiku husomeka Februari 28 saa 23:00, na ripoti ya mwezi humhesabu Februari. Halafu kuna saa yetu ya Kiswahili: sehemu ya muda ikiwa ya maandishi huru, mmoja ataandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, mwingine 08:00 kwa saa ileile. Tumia sehemu ya aina ya muda, na tarehe ziwe 2025-03-01. Tarehe 03/04 kila mtu huisoma kivyake.

Kipimo kiwe na safu yake ya kizio. Sukari ya 99 mg/dL ni 5.5 mmol/L (gawa kwa 18). Kreatinini ya 1 mg/dL ni 88.4 µmol/L.

Kwa DHIS2, kila kituo kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na herufi kubwa si sawa na ndogo. VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta thamani kwenye jedwali, haioni tofauti hiyo, ikaweza kukupa kituo kisicho chako; linganisha kwa lugha za programu kama R au Python. Kabla ya kupakia, tuma kwanza kwa chaguo la majaribio, dryRun=true: mfumo hukagua bila kuhifadhi.

Ukishaunganisha majedwali, hesabu mistari. Ikiwa ilikuwa 1,200 na sasa ni 1,236, kuna namba zinazojirudia upande mmoja. Zitafute kwanza, usizifute kwa amri ya jumla, maana nyingine ni ziara ya pili ya mgonjwa yuleyule.