Damu kwenye mkojo si dalili ya kukua: maswali na majibu kuhusu kichocho na saratani ya kibofu

Kichocho ni nini?

Ni ugonjwa wa minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Aina ziko kadhaa. Hapa naongelea ile ya kibofu cha mkojo, Schistosoma haematobium. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyeigundua, Cairo, mwaka 1851, na ndiyo sababu wengine huuita bilhazia. Unaupata ukigusa maji ya ziwa, bwawa, mto au mfereji wenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Vimelea hupenya ngozi isiyo na hata mkwaruzo, kwa dakika chache. Kukaa au kula na mgonjwa hakukuambukizi.

Kijana wangu anakojoa damu. Wakubwa wanasema ndivyo wavulana wanavyobalehe. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna mvulana anayebalehe kwa kukojoa damu. Dhana hii imekuwepo miaka mingi kwa sababu, pale kichocho kilipoenea, karibu kila mtoto wa rika hilo alikuwa nacho, watu wakaona ni kawaida. Ugonjwa ukiwapata watoto wote wa eneo hilo haugeuki kuwa afya. Damu kwenye mkojo wa mtoto ni sababu ya kumpeleka kupimwa wiki hii hii.

Lakini haimuumi, na inatoka matone machache tu mwishoni.

Nakuomba usome hapa taratibu. Matone mwishoni mwa mkojo ndiyo sura halisi ya kichocho cha kibofu. Na kutouma si habari njema: uvimbe wa saratani ya kibofu nao mara nyingi huanza kwa damu isiyo na maumivu. Wagonjwa wengi tunaowaona wamechelewa kwa sababu hiyo moja, kwamba haikuwauma.

Nilipewa antibiotiki za UTI, damu ikapungua, ikarudi. Ninunue tena?

Usinunue tena. Antibiotiki huua bakteria. Mnyoo haiugusi kabisa. Watu huja wamemaliza dozi tatu au nne za dawa tofauti, na hakuna hata siku moja mkojo wao uliowekwa chini ya hadubini. Inasikitisha, kwa sababu kipimo chenyewe ni rahisi mno. Damu ikirudi baada ya dawa, pima. Na kama hukupimwa mwanzo, pima hata kama haijarudi.

Kinapimwaje?

Kwa mkojo, lakini saa ina maana yake. Mayai ya mnyoo hutoka na mkojo kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo ule mkojo wa alfajiri ulioubeba kwenye kichupa si bora kwa kazi hii. Tembea kidogo kwanza, kisha ukojoe na hakikisha matone ya mwisho yanaingia chupani. Wengi humwaga yale ya mwisho na kutuletea ya mwanzo, na mayai yapo kwenye yale waliyomwaga.

Maabara tunachuja mililita 10, tunaangalia kichujio. Yai la kichocho cha kibofu ukishaliona mara moja hulisahau: la mviringo mrefu, na ncha moja ina mwiba mkali. Likiwa hai unaona kiumbe ndani yake kikicheza. Fikiria miiba hiyo ikipita kwenye ukuta wa kibofu kila siku, utaelewa damu inatoka wapi.

Majibu yakiwa hayaonyeshi mayai, usishangilie haraka. Maambukizi mepesi hukosekana kirahisi, hivyo unaweza kuombwa kurudia siku nyingine. Watafiti wana vipimo vikali zaidi: kimoja hutafuta masalia ambayo mnyoo hai huyatoa tumboni mwake na kuyaacha kwenye damu ya mgonjwa, kingine hutafuta chembe za vinasaba vyake kwenye mkojo. Vituo vingi bado havina.

Saratani inaingiaje hapa?

Mayai mengi hayatoki. Hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili ukayazingira kwa uvimbe mdogo mdogo, na ukuta ukabaki na jeraha lisilopona kwa miaka. Seli za juu hufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, hubadilika umbo na kuwa bapa, na katika kujigawa huko makosa hujilimbikiza. Daktari Ferguson aliandika kuhusu uhusiano huu kutoka Cairo mwaka 1911. Mwaka 1994 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliuweka mnyoo huu kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu. Saratani hii ya seli bapa ni nadra kwenye kibofu mahali pasipo na kichocho. Penye kichocho huwapata watu wakiwa bado na nguvu zao, wengi katika miaka ya arobaini na hamsini.

Mayai yakionekana, si tumeshajua chanzo cha damu?

Kwa mtoto, kwa kawaida ndiyo. Kwa mtu mzima, hapana. Mayai na uvimbe wa saratani vinaweza kukaa kwenye kibofu kimoja. Mtu mzima anayekojoa damu apigwe ultrasaundi na, daktari akiona inafaa, aingizwe kamera ndogo kibofuni na kukatwa kinyama cha kuchunguzwa. Ukiambiwa uende hospitali kubwa kwa kipimo hicho, nenda. Usisubiri kuona kama vidonge vitafanya kazi kwanza.

Vidonge ni vipi?

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida dozi moja. Meza vyote. Usile nusu na kumwekea ndugu nusu; mtakuwa wagonjwa wawili ambao hawajatibiwa. Dawa huua minyoo iliyokomaa, michanga huponyoka, hivyo ukiambiwa urudi baada ya wiki kadhaa kwa kipimo au dozi nyingine, rudi.

Wanawake je?

Mayai hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na uke: maumivu wakati wa tendo, damu, uchafu. Wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo, na kusemwa vibaya juu yake. Dada, mtajie mhudumu kwamba umewahi kuoga au kufua kwenye maji ya aina hiyo, hata kama ni utotoni.

Nilikojoa damu nikiwa mdogo, ikaacha yenyewe. Nahesabika nimepona?

Hapana. Damu inaweza kupungua huku mayai ya zamani yakibaki ukutani. Kama hukuwahi kumeza dawa, kapime sasa. Na kama damu imerudi ukubwani, hata mara moja, hata bila maumivu, usiende duka la dawa. Nenda hospitali, na uwaambie kuhusu ile ya utotoni.