Kamera ya chumbani kwa Jim

Kazi yangu ni montaji: nakata picha, nazipanga, naamua mtazamaji aone uso wa nani na kwa sekunde ngapi. Juzi nilitaka kuwaonyesha vijana ninaowafundisha hapa Lubumbashi jinsi kicheko kinavyojengwa, nikachagua American Pie, filamu ya vichekesho ya Marekani ya mwaka 1999. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye chumba cha video, komini ya Kenya (Kenya ya kwetu, si ile nchi), ikisema Kifaransa, sisi tumebanana kwenye mabenchi. Tulicheka hadi maneno yakawa hayasikiki.

Safari hii nilicheka vizuri tu mpaka ilipofika sehemu ya Nadia.

Mnaikumbuka. Nadia, msichana mgeni aliyekuja Marekani kusoma, anabadilisha nguo chumbani kwa Jim, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu. Jim ameacha kamera ya kompyuta ikiwaka, akakimbilia kwa marafiki wakatazame pamoja. Kwa makosa yake, picha zinaifikia shule. Sasa angalieni mikato. Tunatoka chumbani, tunaona marafiki wanashangilia, tunaona watu wengine wametoa macho mbele ya skrini zao, tunarudi chumbani. Kila uso wa anayetazama unatuamuru: cheka. Nilizitoa nyuso hizo kwenye kompyuta ya darasa, nikaonyesha kilichobaki. Kimya. Alibaki msichana anayechunguliwa, basi. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Papa, na yeye akigundua, tunamwona wapi?"

Hatumwoni. Aibu inayopewa nafasi ni ya Jim, ambaye mwili wake umemsaliti mapema kuliko alivyotaka. Nadia anaondolewa kwa maneno machache tu: waliomleta wameiona video, amerudishwa kwao. Nilipokuwa kijana maneno hayo yalinipita kama upepo.

Sisemi filamu nzima imeoza. Eugene Levy, anayecheza baba yake Jim, bado ananivunja mbavu. Anavyohangaika kutafuta maneno kabla ya kumpa mwanawe ushauri asioombwa! Hapo montaji haina haraka, inamwachia kimya chake.

Kijana mmoja aliitetea filamu: mbona mwishoni Jim naye anacheza mbele ya kamera, Nadia akimtazama kutoka mbali? Hoja nzuri, tuliibishania mpaka umeme ukakatika. Ila kamera hiyo ya mwisho, Jim alijua inawaka.