Nyota tano za woga: jinsi ya kusoma alama za wauzaji na wanunuzi kwenye minada ya mtandaoni

"Bosi, usinisahau nyota tano." Dereva wa teksi ya mtandao aliniambia hivyo nikishuka Mwenge, akinitazama kwenye kioo. Safari yenyewe ilikuwa ya hivi hivi. Alikosea njia mara mbili, na kiyoyozi, kwa maelezo yake, kilikuwa "kimeharibika jana tu." Nikampa tano. Hakuzistahili, ila alikuwa ananitazama, na najua naye ananipa alama. Abiria mwenye alama mbovu husubiri gari mpaka achoke.

Kazi yangu ni kuelimisha walaji kuhusu biashara ya mtandaoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kusema kweli. Sikusema. Na abiria atakayenifuata ataiona ile tano yangu, aamini kwamba ni ya kweli.

Uongo huu mdogo una historia ndefu, na mahali ulipochunguzwa kwa kina kuliko pengine popote ni mnada wa eBay wa Marekani. Ulianzishwa Septemba 1995 na Pierre Omidyar, mwandishi wa programu za kompyuta, huko San Jose, California, ukiitwa AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha leza kilichokufa, kikachukuliwa kwa dola 14.83 na mtu aliyejua fika kwamba hakifanyi kazi. Mnunuzi wa namna hiyo hana shida na mtu. Walio wengi hawako hivyo, na haikuchukua muda malalamiko yakaanza kumiminika kwenye barua pepe ya Omidyar: huyu katuma fedha hajaona mzigo, yule katuma mzigo hajaona fedha. Hakutaka kugeuka mzee wa baraza wa kusuluhisha watu asiowajua. Februari 1996 akaweka ukumbi wa maoni, watu wasifiane na kulaumiana hadharani. Maoni mazuri yaliongeza alama moja, mabaya yaliondoa moja, ya kati hayakuongeza wala kupunguza. Muuzaji alimpima mnunuzi, mnunuzi akampima muuzaji.

Kwa macho ya haraka, haki ndiyo hiyo: nawe unanipima, nami nakupima. Lakini watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser walipochambua biashara za eBay za mwaka 1999, walikuta karibu asilimia 99 ya maoni ya wanunuzi ni mazuri. Hebu niambie, ni soko gani, Kariakoo, Gikomba au New York kwenyewe, ambako wanunuzi 99 kati ya 100 wanaondoka wameridhika? Walikuta pia kwamba mnunuzi alitoa maoni katika karibu nusu tu ya biashara. Nusu nyingine walinyamaza, na ukimya wao haukuingia kwenye hesabu.

Kwa nini watu walisifu au kunyamaza? Tuchukue mfano wa kubuni, kwa kanuni za wakati huo. Mnunuzi ameshinda mnada wa kamera ya mtumba kwa dola 120. Picha zilionyesha lenzi safi, kamera imefika ina kuvu ndani ya lenzi. Anafungua ukurasa wa muuzaji: alama 3,000, zote nzuri. Yeye mwenyewe ana 11. Muuzaji bado hajampa mnunuzi huyu alama yoyote, japo alilipwa siku ileile mnada ulipofungwa. Hajasahau. Anasubiri aone mwenzake ataandika nini.

Mnunuzi akiandika ukweli, muuzaji anashuka kutoka asilimia 100 hadi 99.97. Hakuna atakayeona. Muuzaji akilipiza, hata kwa kusingizia, mnunuzi anatoka 11 kati ya 11 na kuwa 11 kati ya 12, yaani asilimia 91.7, na kesho yake wauzaji wengine wanamwogopa. Rungu ni lile lile, lakini mmoja amevaa kofia ya chuma na mwingine yuko kichwa wazi. Juu ya hapo, kanuni ziliruhusu pande mbili kufutiana alama zikikubaliana. Kwa hiyo muuzaji mjanja alilipiza kwanza, kisha akaja na maneno ya upole: futa yako, nami nifute yangu. Alama mbaya ya ile kuvu ikaondoka kwenye hesabu, na mnunuzi wa kesho akakuta asilimia 100 safi.

Ninapofundisha jambo hili huwa naulizwa kama tatizo ni watu kukosa uaminifu. Wako wasio waaminifu, sawa, lakini hata mtu mwema akiwekwa mahali ambapo kusema kweli kunamgharimu na kunyamaza hakumgharimu, atanyamaza. Mimi ni shahidi, niliyatenda hayo hayo pale Mwenge.

eBay walianza kurekebisha mwaka 2007, walipoongeza nyota za kina ambazo mnunuzi pekee ndiye aliyezitoa, bila muuzaji kujua ni nani aliyempa ngapi: bidhaa inafanana na maelezo? mawasiliano yalikuwaje? mzigo ulichukua muda gani? gharama ya kusafirisha ilikuwa halali? Mei 2008 wakaenda mbali zaidi. Kuanzia hapo muuzaji aliweza kumpa mnunuzi maoni mazuri tu, au asitoe kabisa.

Wauzaji waliwaka. Tangazo lenyewe lilitoka miezi kadhaa kabla, na Februari 2008 baadhi yao waligoma kuweka bidhaa mnadani, wakilalamikia pia mabadiliko ya ada. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mnunuzi asiyelipa, anayedai mzigo haukufika wakati umefika, anayevaa gauni harusini kisha kulirudisha, huyo naye atabaki na sifa njema milele?

Jibu langu ni kwamba pande mbili hizi hazibebi wajibu unaolingana. Mnunuzi ana wajibu mmoja mkubwa, kulipa, na asipolipa mfumo unaona wenyewe bila kuhitaji nyota. Muuzaji ndiye mwenye mambo ya kufichika: kuvu ndani ya lenzi, betri iliyochoka, nakala inayouzwa kama kitu halisi. Palipo na mengi ya kuficha ndipo panapohitaji mwanga mkali. Na ushahidi umeelemea huko. Wachumi Tobias Klein, Christian Lambertz na Konrad Stahl waliofuatilia mabadiliko ya 2008 waligundua kwamba nyota za kina za wauzaji zilipanda baada yake, wala hapakuwa na wimbi la wauzaji kukimbia soko. Wale wale waliokuwapo walianza kufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa mnunuzi sasa aliweza kusema.

Hata hivyo sitasema mambo yalikwisha. Ukimnyang'anya mmoja rungu, mwenzake anabaki nalo. Wapo wanunuzi waliojifunza kuandika, "Nirudishie nusu ya fedha yangu la sivyo nakuwekea alama mbaya." Kanuni za eBay zinakataza kutumia maoni kama kitisho, ila muuzaji mdogo mwenye alama 20 hana moyo wa kubishana. Analipa, na maumivu anabaki nayo.

Utaratibu ninaoupenda mimi ni ule ambao Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba, waliuanza mwaka 2014 kwa wageni na wenye nyumba. Kila upande unaandika bila kuona mwenzake kaandika nini, na maoni yanafunguliwa kwa pamoja, wote wawili wakishaandika au siku 14 zikiisha. Ni kama kura ndani ya sanduku: huwezi kulipiza kitu usichokiona. Anayeagiza gari kutoka Japani anaijua njia nyingine tena, ile karatasi ya mnada yenye alama ya hali ya gari, kama 4.5, 3.5 au R ya gari lililogongwa na kutengenezwa. Pale anayepima ni mkaguzi, si muuzaji wala mnunuzi. Ila ukaguzi una gharama. Hakuna atakayemlipa mkaguzi kwa kamera ya dola 120.

Turudi kwenye ukimya, maana hapo ndipo msomaji anaweza kujisaidia mwenyewe. Chrysanthos Dellarocas na Charles Wood walichunguza biashara ya sarafu adimu kwenye eBay wakauchukulia ukimya kama ushahidi: mtu aliyenyamaza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hakuridhika. Hesabu zao zilionyesha kwamba wanunuzi walioridhika walikuwa kama wanne kati ya watano. Wanne kati ya watano ni soko ninalolijua. Tisini na tisa kwa mia ni hotuba ya kampeni.

Baadaye Chris Nosko na Steven Tadelis, huyu wa pili akiwa amefanya kazi eBay kama mchumi, walipendekeza kipimo chepesi: gawanya maoni mazuri kwa mauzo yote badala ya kuyagawanya kwa maoni yaliyotolewa. Tuone kwa namba za kubuni. Muuzaji wa kwanza ameuza mara 500, amepata maoni 300, mazuri 297. Ukurasa wake unaonyesha asilimia 99. Wa pili naye ameuza mara 500, amepata maoni 420, mazuri 412, na ukurasa wake unaonyesha asilimia 98.1. Wengi wetu tungekimbilia kwa wa kwanza. Sasa gawanya kwa mauzo: wa kwanza anapata asilimia 59.4, wa pili 82.4. Kwa yule wa kwanza watu 200 wameondoka bila neno, na ningependa sana kujua walikuwa na nini moyoni.

Kumbuka pia kwamba asilimia inayoonekana eBay ni ya miezi 12 iliyopita, na maoni ya kati hayahesabiwi humo. Muuzaji mwenye lundo la maoni ya "si mbaya, si nzuri" anaweza kung'aa kwa asilimia 100. Sehemu kubwa ya lugha halisi ya wanunuzi iko katika hayo ya kati: "Mzigo umefika, ila sanduku limepasuka."

Sifa njema ni fedha, na hii imepimwa. Resnick na wenzake walishirikiana na muuzaji mzoefu wa kadi za posta za zamani. Kadi zinazolingana ziliuzwa, nyingine kwa jina lake lenye historia ndefu, nyingine kwa majina mapya aliyoyafungua yeye mwenyewe. Jina kongwe lilipata bei ya juu kwa asilimia 8.1 hivi. Muuzaji ni yule yule, bahasha zile zile. Penye faida kama hiyo hapakosi wachuuzi wa sifa. Katika miaka ya 2000 zilizagaa eBay bidhaa za senti moja, kijitabu cha kielektroniki au fumbo, ambazo shabaha yake ilikuwa pande mbili kupeana alama nzuri tu. Ukikuta muuzaji wa simu za bei kubwa mwenye alama 150, fungua uone alizipata kwa kuuza nini. Kama ni vibandiko vya senti chache, hizo 150 hazikuambii lolote kuhusu simu. Serikali nazo zimeamka: Marekani ilitoa kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni bandia, ikaanza kutumika Oktoba 2024.

Na kuna jambo ambalo nyota haziwezi kulionyesha kabisa. Katika utafiti mmoja wa Marekani, kadi za wachezaji wa besiboli ziliwekwa eBay, nyingine picha ikionyesha zimeshikwa na mkono mweupe, nyingine mkono mweusi. Zilizoshikwa na mkono mweusi ziliuzwa kwa karibu asilimia 20 chini. Muuzaji mwenye mkono mweusi anaweza kuwa na nyota tano zote na bado kila mnada ukafunga chini ya pale ulipostahili.

Basi, unapotaka kuweka dau, soma maoni mabaya na ya kati kwanza, ya miezi ya karibuni, na utafute kasoro inayojirudia. Mtu mmoja akilalamika kuhusu chaja, huenda ni bahati mbaya. Wakilalamika watano, ni chaja. Tazama muuzaji alivyojibu. Anayeandika "nimekutumia nyingine Jumanne" ana kitu cha kukuambia zaidi kuliko anayeandika "mnunuzi mkorofi, msimuuzie."

Zamu yako ya kutoa alama ikifika, usiitoe siku mzigo unapofika. eBay wanakupa siku 60. Washa kamera, piga picha kwa mwanga wa jua, ielekeze lenzi kwenye taa utazame ndani. Penye kasoro mwandikie muuzaji kwanza, kupitia ukurasa ule ule wa mnada ili maneno yabaki kumbukumbu, umpe siku chache. Kisha andika kilichotokea: ulilipa lini, mzigo ulifika lini, maelezo yalisema nini, ulichokikuta ni nini, alijibu nini. Ukiandika "tapeli mkubwa," anayekusoma hana cha kushika. Ukiandika "maelezo yalisema lenzi safi, nimekuta kuvu, amenirudishia dola 40 baada ya siku sita," anayefuata ataamua mwenyewe kama siku sita ni nyingi.