Masini ikibloke, butoni ya kuzimia iwe ya mwisho kabisa

Wanafunzi wa hapa Bukavu wakifika kipindi cha kumaliza TFC (kazi ya kuandika ya kumalizia masomo), kazi yangu inaongezeka, na nusu ya masini zinazoletwa hazina ugonjwa wowote. Programu moja tu njo ilibloke, mwenyewe akaogopa, akabana butoni ya kuzimia mpaka ekrani ikawa nyeusi, alafu ananiletea fishie isiyofunguka tena. Mara nyingi fishie inaharibika juu ya ile butoni kuliko ile programu.

Iko hivi. Windows inatuma ujumbe mdogo mdogo kwa kila dirisha lililofunguliwa, kwamba umebonyezwa hapa, kwamba jichore upya. Programu ikikaa kama sekunde 5 bila kupokea hata moja, Windows inafunika dirisha lake na picha yake ya mwisho, inakuwa nyeupe nyeupe, na kule juu inaandika "Ne répond pas". Haisemi programu imekufa, juu yenyewe haijui, inajua tu kwamba haijibu. Word inayofungua TFC yenye mapicha ya simu yaliyobandikwa bila kupunguzwa inaweza kukaa kimya dakika kadhaa alafu ikarudi vizuri kabisa. Na wewe katika zile dakika usibonyeze bonyeze, kila kliki unayopiga inaingia kwenye foleni na programu ikiamka inaweza kuzitekeleza zote, njo unakuta mtu ananiuliza nani amefuta paragrafu yake.

Kwanza jua ni nini kimebloke. Bonyeza Verr Maj (butoni ya herufi kubwa) uangalie ka-taa kake kwenye klavie. Kakiwaka na kuzima, Windows bado iko hai, shida ni ya programu. Kasipobadilika na mausi pia imesimama, hapo ni masini nzima, lakini hata hapo ngojea kidogo, hasa kama disiki ni ile ya zamani inayozunguka na unaisikia bado inakwaruza.

Kama iko hai, piga Ctrl+Maj+Échap, inafungua Gestionnaire des tâches, ile orodha ya programu zote zinazofanya kazi, moja kwa moja. Ikikataa, Ctrl+Alt+Suppr, hiyo inapita moja kwa moja kwa Windows yenyewe na hakuna programu ya kawaida inayoweza kuizuia. (Hii ya pili ni ya David Bradley wa IBM, kwenye PC yao ya 1981, na wakati ule ilikuwa inawasha masini upya palepale bila kukuuliza, njo maana alichagua mabutoni ya mikono miwili ili mtu asiiguse kwa bahati mbaya.)

Sasa usikimbilie Fin de tâche, ile ya kuua programu. Soma kwanza namba. Processeur ya Word ikiwa inapanda na kushuka, iko kazini, iache. Disque ikiwa 100 % mstari wote, kuna kitu kinasoma ama kuandika, ngoja. Mémoire ikiwa imejaa, hapa watu wengi wanakosea, wanaua Word juu njo wanaiona imebloke, wakati mwenye kula nafasi ni Chrome yenye ma-tabu yasiyohesabika. Ua Chrome. Tabu zake unazirudisha na Ctrl+Maj+T, maandishi ya Word ambayo hujahifadhi huna uhakika wa kuyapata tena yote. Mimi kanuni yangu ni hiyo, naua kwanza kile kisicho na kazi ya mtu ndani, na mara nyingi Word inaamka yenyewe baada ya hapo.

Na kama hakuna njia, lazima Word ife, toa simu upige picha ya ekrani kwanza. Hata dirisha likiwa jeupe jeupe maandishi bado yanasomeka, ukipoteza paragrafu ya mwisho utaiandika upya kutoka kwa ile picha. Fin de tâche haikuulizi kama unataka kuhifadhi.

Ule mstari wa chini ya ekrani wenye Démarrer ukigoma, tafuta Explorateur Windows kwenye Gestionnaire ileile ubonyeze Redémarrer, hakuna dokima inayopotea. Ekrani ikiwa nyeusi lakini unasikia masini inafanya kazi, jaribu Windows+Ctrl+Maj+B, inawasha upya draiva ya ekrani tu.

Butoni basi. Ikifikia hapo, bana kama sekunde 4, laptop zingine 10 ama zaidi. Hatari yake ni kwamba kuna vitu Windows inasema imeandika wakati bado viko kwenye memware ya muda, havijafika kwenye disiki. NTFS, ule mfumo Windows inaotumia kupanga mafishie kwenye disiki, ina jurnali (daftari ya mabadiliko) inayolinda mpangilio wa madosie, lakini hailindi maandishi yako ndani ya fishie. Na flashi njo mbaya zaidi, nyingi ni FAT32, mfumo mwingine wa zamani, hiyo haina jurnali hata kidogo, na wanafunzi wanafungua TFC moja kwa moja kwenye flashi wanaandika humo siku nzima. Tafadhali, kopia kwenye disiki kwanza. Umeme ukikatika kwa masini ya mezani isiyo na ondilere (kile kisanduku cha betri), ni butoni ileile, tofauti ni kwamba hujaibana wewe. Na Windows ikiwa katikati ya kufanya mise à jour, usiguse.

Ikiwaka, fungua Word kabla ya kitu kingine. Ikikuonyesha dokima iliyookolewa upande wa kushoto, Enregistrer sous na jina jipya, alafu njo ulinganishe na ya zamani. Word inajihifadhia nakala kila dakika 10 kama hujabadilisha kitu, nenda Fichier, Options, Enregistrement, weka 2.

Kwa wenye sekretariati (duka za kuandika na kuprinti), moja tu: Word ikibloke kila ukiifungua, kabla ya kulaumu virusi angalia imprimanti. Word inaitafuta ile iliyowekwa par défaut, na ikiwa ni ya rezo imezimwa ama kebo imechomolewa, Word inakaa inangoja. Weka Microsoft Print to PDF iwe par défaut, ufungue tena, uone.