Zawadi na Utunzaji wa Data Kazini: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu Kenya ipate Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ofisi nyingi za Nairobi zimeandika sera na kuwakabidhi baadhi ya wafanyakazi dhamana ya kusimamia data za idara zao. Kinachobaki kuwa kigumu ni kuwafanya watu waijali kazi hiyo, na hapo ndipo zawadi huletwa kwa matarajio yasiyo sahihi.

Dhana: Bonasi kwa kila rekodi iliyojazwa italeta data safi.

Ukweli: Mfanyakazi huleta kile kinachohesabiwa. Mwaka 1902, watawala wa Kifaransa mjini Hanoi, Vietnam, waliwalipa watu kwa kila mkia wa panya ili panya wapungue, na baadaye wakaonekana panya wasio na mikia, kwa sababu wawindaji walikata mkia na kumwachilia mnyama aendelee kuzaana. Katika ofisi moja ya Upper Hill nilikofanya kazi, tuliandaa shindano la kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye taarifa za wateja. Lilipokwisha tukakuta wateja wengi mno wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hasara hiyo iliniuma kuliko mapengo ya awali, maana nafasi tupu husema wazi kwamba taarifa haipo, ilhali tarehe ya kubuni humpotosha kila atakayeisoma, na sheria yenyewe inadai data binafsi ziwe sahihi. Zawadi ikibidi kutolewa, itolewe baada ya kuchukua sampuli ya rekodi na kuilinganisha na vitambulisho, na iende kwa idara nzima.

Dhana: Motisha ni pesa.

Ukweli: Mwaka 1973, watafiti Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa cheti kwanza, baadaye walichora kwa hiari kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Watu wazima si watoto, lakini nimeona karani wa kaunta akibadilika bila kuongezewa hata shilingi, siku alipoelezwa kwamba namba ya simu aliyoikosea ndiyo iliyopeleka ujumbe wa deni la mteja kwa mtu asiyehusika. Kabla ya hapo, hakuna aliyekuwa amemweleza namba hizo huenda wapi.

Dhana: Hofu ya adhabu inatosha.

Ukweli: Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo, na hiyo hulipwa na taasisi. Uvujaji wa data unaoweza kuwadhuru wenye data hizo unapaswa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu taasisi iufahamu. Mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa atauficha, na wateja watakaa bila kujua kwamba wamo hatarini. Anayejitokeza mapema kusema, "Nimetuma faili kwa mtu asiyestahili," ashukuriwe mbele ya wenzake.

Dhana: Hiyo ni kazi ya watu wa kompyuta, wengine watasaidia wakipata nafasi.

Ukweli: Data huzaliwa kaunta, ghalani na kwenye fomu za mikopo. Kazi hiyo iandikwe katika majukumu ya mhusika, ipimwe kwenye tathmini ya mwaka, na apunguziwe kazi nyingine kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa zawadi haiwezi kufidia saa ambazo hakupewa.